Walivyohesabiwa Sululu 19,485 wa Deveaux Bank

Mei 2019, kwenye fungu la mchanga liitwalo Deveaux Bank, pwani ya South Carolina nchini Marekani, watafiti walihesabu ndege aina ya sululu 19,485 wakiingia kulala. Sululu wote wanaopita pwani ya Atlantiki ya Amerika Kaskazini wanakadiriwa kuwa 40,000 hivi. Yaani karibu nusu yao walibanana juu ya kisiwa cha ekari 250 hivi, mdomoni mwa mto North Edisto, mwendo wa kilomita thelathini na kitu kutoka mji wa Charleston.

Kisiwa chenyewe hakikuwa kigeni kwa mtu. Ni hifadhi ya ndege wa baharini inayosimamiwa na jimbo, na wahifadhi wamezoea kwenda huko majira ya kuchipua kuangalia mwari na buabua wanaotaga mchangani. Basi kundi la sululu karibu elfu ishirini liliwapita vipi watu wenye darubini shingoni? Liliwapita kwa sababu ya saa. Kuangalia ndege ni shughuli ya asubuhi na mchana, na mchana sululu hao hawapo kisiwani.

Tuwafuate basi wanakokwenda. Kutoka Deveaux wanatawanyika kwenye vinamasi vya maji chumvi vya bara, eneo ambalo mito Ashepoo, Combahee na Edisto inakutana na bahari. Windo lao kubwa ni wale kaa wadogo ambao dume ana gando moja kubwa kuliko mwili. Mdomo wa sululu ni mrefu na umepinda kwenda chini, na mpindo huo unalingana na mpindo wa shimo la kaa. Sululu anachomeka mdomo, anamvuta kaa, akiwa na tope anamsuuza majini, mara nyingine anamkung'uta mpaka magando na miguu ing'oke, kisha anammeza. Gamba lisilosagika tumboni hutoka na kinyesi. Kazi hiyo inaendeshwa na maji: yakipwa, mashimo yanakuwa wazi, yakijaa, meza imefungwa. Ndege anayetoka Amerika Kusini kuelekea kuzaliana Aktiki ana majuma machache tu ya Aprili na Mei kujaza mafuta mwilini, kwa hiyo hapotezi muda wa mchana akizurura kwenye fungu la mchanga lisilo na kaa wa kumtosha.

Usiku hesabu ya maisha inageuka. Bara kuna rakuni na bundi, na ndege anayelala chini kwenye nyasi ni kitoweo. Kisiwa kilichozungukwa na maji, kisicho na wanyama wa kuwinda kwa miguu, ndicho kitanda salama. Ndipo jua linapokaribia kuzama vikundi vinaanza kutoka kila upande wa kinamasi na kuelekea baharini. Felicia Sanders, mwanabiolojia wa Idara ya Maliasili ya South Carolina, alikuwa ameiona dalili hiyo miaka kadhaa nyuma. Alichofanya 2019 ni kuigeuza dalili kuwa hesabu.

Hapa ndipo ufundi ulipo. Sululu wakishatua kwa maelfu hawahesabiki: kiza kimeingia, wamesongamana, na mtu akisogea tu wote wanaruka. Njia inayofaa ni kuwahesabu wakiwa bado angani, wanapoingia. Wahesabuji wanagawanywa pande mbalimbali za kisiwa, kila mmoja na pande lake la anga, kabla ndege wa kwanza hawajafika. Anayehesabu anachagua mstari wa kufikirika, na ndege anaingia kwenye daftari pale tu anapouvuka kwenda kisiwani. Akiuvuka tena kurudi, anatolewa. Kanuni hiyo moja inapunguza uwezekano wa ndege yuleyule kuandikwa mara mbili. Kila kundi linaandikwa pamoja na dakika lilipopita na upande lilikotoka, ili baadaye madaftari yalinganishwe na makundi yaliyogongana yafutwe.

Kundi la ndege 12 linahesabika kichwa kwa kichwa. La 600 halihesabiki hivyo, kwa kuwa linapita katika sekunde chache. Mfanyabiashara wa mchele hahesabu punje, hupima kwa pishi. Na mhesabuji naye anatengeneza pishi yake. Anahesabu kumi halisi, anaikariri nafasi wanayochukua angani, anaipanua hadi mia, kisha anaipitisha mia hiyo juu ya kundi zima. Macho ya binadamu yana tabia ya kupunguza kundi likiwa kubwa, ndiyo maana watu wanafanya mazoezi kwa picha ambazo idadi yake inajulikana.

Kikwazo kingine ni mwanga. Katikati ya Mei jua la South Carolina huzama saa mbili usiku na dakika chache, na utusitusi unaendelea zaidi ya nusu saa. Wengi wa sululu wanaingia ndani ya muda huo mfupi. Kwa hiyo zamu nzima, mashua, watu na maandalizi ya mchana kutwa, inategemea takriban saa moja ambayo mwanga unakufa na ndege wanaongezeka. Wanaoingia baada ya macho kushindwa wanabaki sauti tu.

Udhaifu wa njia hii basi unaelemea upande mmoja: inapunguza zaidi kuliko inavyozidisha. Waliochelewa kizani hawamo. Tena, 19,485 ni idadi ya wakati mmoja, na msafara hausimami. Wapo waliokwisha kuondoka kwenda kaskazini na wapo ambao hawajafika. Idadi ya sululu wanaokitumia kisiwa hicho katika msimu mzima haiwezi kuwa chini ya hapo. Makadirio yanayoegemea chini namna hiyo yana faida yake: anayetaka kuipinga hoja ya uhifadhi hawezi kusema ndege wametiwa chumvi. Watafiti walirudi 2020, wakakuta kundi la kiwango hichohicho, na ndipo matokeo yakachapishwa 2021. Usiku mmoja wenye ndege wengi ungeweza kuitwa bahati. Misimu miwili mfululizo inaonyesha desturi.

Na uzito wa idadi hiyo uko kwenye vigezo. Mkataba wa Ramsar unalitambua eneo kuwa muhimu kimataifa likiwa na ndege wa majini 20,000 kwa kawaida, au asilimia 1 ya jamii fulani ya ndege. Asilimia 1 ya sululu wa Atlantiki ni ndege 400 tu. Deveaux imekipita kigezo hicho karibu mara hamsini, kwa aina moja ya ndege. Upande wa pili wa sarafu hiyo ni hatari. Fungu la mchanga halina mizizi: kimbunga David cha 1979 kilikifagia kisiwa hiki karibu chote, na ilichukua miaka kwa mchanga kurudi. Nusu ya jamii inayolala kitanda kimoja inaweza kuvurugwa usiku mmoja, hata na mbwa aliyeshushwa kwenye mashua. Bila kujua saa wanayoingia, msimamizi angeweza kufunga kisiwa mchana na kukiacha wazi jioni, akadhani amehifadhi.

Somo hili linatuhusu sisi wa Bahari ya Hindi moja kwa moja. Sululu wa kwetu wanatoka upande wa Ulaya na Asia. Wanafika kuanzia Agosti na Septemba, na wengi wanaondoka Aprili. Tunawaona hori ya Mida nchini Kenya, delta ya Rufiji na kisiwa cha Mafia nchini Tanzania, na kila penye tope na mikoko. Sensa ya kimataifa ya ndege wa majini inafanyika Januari, mchana, na inafanya kazi yake vizuri kwa ndege wanaosongamana mbele ya maji yanayojaa. Lakini sululu wanaokula wakiwa wametawanyika kati ya mikoko watatoa tarakimu ndogo kila mwaka, na tarakimu ndogo ndiyo itakayowekwa mezani siku eneo linapoombewa bandari, hoteli au mashamba ya chumvi.

Zamu ya jioni haihitaji mtambo. Inahitaji mashua, watu wanne au watano waliofanya mazoezi ya kukadiria makundi, na siku iliyochaguliwa kwa kalenda ya maji: mwishoni mwa bamvua, maji yanapojaa karibu na magharibi, wakati mafungu mengi yamezama na ndege wamebakiwa na mahali pachache pa kutua. Nahodha wa huko ataonyesha fungu gani hubaki kavu na ndege wanalielekea kutokea wapi, maana amekuwa akirudi nyumbani saa hiyo miaka yote. Kwetu jua linazama karibu saa kumi na mbili na nusu na kiza hakichelewi, kwa hiyo dakika za kuhesabu ni chache kuliko za South Carolina. Inalazimu kuongeza jioni mbili tatu mfululizo, na watu wawe wamekaa sehemu zao mapema. Kwa maeneo ambayo tayari yana hadhi ya Ramsar, kama Rufiji–Mafia–Kilwa tangu 2004, jioni hizo chache za Aprili zingewapa wasimamizi kitu ambacho hesabu ya mchana haiwezi kuwapa: jina la fungu ambalo halifai kuguswa.