Mbwa Anachechemea: Kabla ya Manjano, Uliza Kwanza Kwa Nini

Kuna ushauri unaozunguka sana kwenye simu kuhusu mbwa na paka wenye matatizo ya viungo. Maneno hubadilika lakini mwili wake ni uleule: mpunguze uzito, mpe manjano, mpe glukosamini au mafuta ya samaki, mkande kwa maji ya vuguvugu, mtembeze kidogo kidogo, halafu vuta subira wiki nne hadi sita. Juu yake limebandikwa neno moja linalouza kila kitu: asilia.

Leo tuuchambue ushauri huu, na tuutendee haki. Si uongo wote. Yamo mambo yenye ushahidi mzuri kuliko watu wengi wanavyodhani. Shida ni kwamba uliandikwa kwa ajili ya mbwa mwingine. Ukiupeleka kama ulivyo Chiwata, kule ukingoni mwa uwanda wa Makonde wilayani Masasi, unaweza kumchelewesha mtu mahali ambapo kuchelewa kunaua.

Mbwa wa nani huyu?

Tuanze na uzito, maana hapo ndipo ushauri una nguvu zaidi. Marekani walifuatilia mbwa 48 aina ya Labrador maisha yao yote, na matokeo yakachapishwa mwaka 2002. Nusu yao walipewa chakula pungufu kwa asilimia 25 kuliko wenzao. Waliokula kidogo waliishi karibu miaka miwili zaidi, na walihitaji dawa za baridi yabisi takriban miaka mitatu baadaye. Kwa mbwa mnene, kumpunguza uzito ni tiba, tena haina gharama.

Lakini mbwa wa Chiwata unamjua. Anakula ukoko wa ugali na anachookota, analala nje, kazi yake ni kulinda nyumba, mihogo na mikorosho. Mbavu zake unazihesabu ukiwa mbali. Huyu ukimwambia mwenyewe "ampunguzie chakula", umemdhuru. Na akianza kuchechemea, uzee wa viungo ni sababu moja tu kati ya nyingi: mwiba kwenye nyayo, waya wa mtego, pikipiki, rungu la jirani, au magonjwa ya kupe ambayo yanaweza kuvimbisha viungo vya mguu zaidi ya mmoja. Mtoto wa mbwa aliyekuzwa kwa ugali mtupu anakosa kalisi, na mifupa yake inaweza kupinda au kuvunjika kirahisi.

Kuchechemea ni dalili, siyo jina la ugonjwa. Ushauri wetu unaruka hatua hii kabisa.

Tupime dawa moja moja

Haya, tuseme umeshahakikisha ni baridi yabisi kweli, yaani gegedu inayofunika ncha za mifupa imelika na kiungo kimekakamaa. Je, hivi vya "asilia" vinafanya kazi?

Glukosamini na kondroitini ndizo zinazouzwa zaidi duniani. Mwaka 2022 watafiti wa Montreal, Kanada, walikusanya majaribio 72 yaliyofanywa kwa mbwa na paka. Walihitimisha kwamba hazipunguzi maumivu, na wakashauri zisipendekezwe tena kwa kazi hiyo. Hela yako iache mfukoni.

Mafuta ya samaki, kwa upande mwingine, yalitoka vizuri katika uchambuzi huohuo. Omega-3 inapunguza maumivu. Ila ushauri unaozunguka hausemi kipimo, na kipimo ndiyo habari yenyewe. Kiasi kinachotajwa na wataalamu kwa mbwa wa kilo 15 mwenye baridi yabisi kinafika kama gramu 2.4 za omega-3 kwa siku. Kidonge cha kawaida cha mafuta ya samaki kina gramu 0.3 hivi. Piga hesabu: vidonge vinane kila siku, kila mwezi, kwa mbwa mmoja. Nani atanunua? Na mafuta mengi kwa ghafla huleta kuhara. Dagaa kwenye ugali wa mbwa ni wazo zuri kwa sababu ya protini na kalisi, lakini tusimwambie mtu kuwa kiganja cha dagaa ni sawa na dozi hiyo.

Manjano? Mwaka 2003 jarida la Veterinary Record lilichapisha jaribio la dondoo la manjano kwa mbwa wenye baridi yabisi. Kifaa kinachopima mbwa anakanyaga kwa nguvu kiasi gani hakikuona tofauti ya maana. Madaktari waliowaangalia kwa macho ndio waliona nafuu.

Hapo pana somo zuri la sayansi. Mwaka 2012 watafiti Marekani waliangalia mbwa wanaochechemea waliopewa dawa tupu, isiyo na kitu ndani. Takriban asilimia 40 ya wenye mbwa walisema mnyama amepata nafuu, na kifaa kinasema hapana. Hata madaktari wa mifugo walidanganywa na macho yao kwa kiwango kinachokaribia hicho. Mbwa hajui kama amepewa dawa. Wewe ndiye unayejua. Isitoshe, maumivu ya viungo hupanda na kushuka yenyewe, na sisi hutafuta dawa siku yanapokuwa juu. Kwa hiyo "mimi nilimpa na akapona" ni maneno ya mtu mkweli, lakini si ushahidi.

Neno "asilia" halilindi mtu

Baadhi ya mapishi haya yana kitunguu saumu. Vitunguu vya aina zote huharibu chembe nyekundu za damu za mbwa na paka. Na pale manjano yanaposhindwa, mtu hufungua droo ya dawa zake. Diklofenaki au ibuprofeni inaweza kumtoboa mbwa tumbo na kuua figo zake. Parasetamoli kwa paka ni sumu: ini lake halina uwezo wa kutosha wa kuivunja, na kidonge kimoja cha miligramu 500 kinaweza kumuua.

Kilichoachwa nje

Sasa lile kubwa zaidi. Kichaa cha mbwa hakiji na ukali kila mara. Kuna aina ya kupooza: mbwa anayumba, miguu ya nyuma inalegea, taya linaning'inia, mate yanatoka, hamezi. Mwenyewe anadhani ana shida ya miguu, au mfupa umemkwama kooni, anaingiza mkono mdomoni kuutafuta. Mate hayo yakigusa mchubuko, hatari imeshaingia.

Kusini mashariki mwa Tanzania, Mtwara ikiwemo, kati ya 2010 na 2015 palifanyika mradi wa majaribio wa kutokomeza kichaa cha mbwa kwa kuchanja mbwa kwa wingi, serikali ikishirikiana na Shirika la Afya Duniani. Umeng'atwaji na vifo vilipungua. Lakini watoto wa mbwa huzaliwa kila mwaka, na chanjo ya mwaka jana haiwahusu.

Weka kalenda mbili pamoja. Ushauri unasema subiri wiki nne hadi sita uone kama manjano yanafanya kazi. Mbwa mwenye kichaa kwa kawaida hufa ndani ya siku 10 tangu dalili zianze, na aliyeguswa na mate yake anatakiwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha awahi kituo cha afya siku hiyohiyo.

Kwa hiyo ushauri unaofaa ungepangwa hivi. Kwanza: je, mbwa anameza, taya limekaza, anayumba? Kama kuna shaka, usimguse, mtenge, mwite afisa mifugo wa kata. Pili: kagua nyayo, kupe, uvimbe, mfupa uliovunjika. Tatu, kama ni mzee na viungo vimekakamaa: mpe gunia kavu la kulalia, mpunguzie mbio za shambani, mkande kwa maji ya vuguvugu. Hayo nayo ni ya asilia, na hayana duka.

Anayeandika ushauri wa viungo na kuacha hatua ya kwanza asiseme ameandika kitu kisicho na madhara.