Nambari 36 ya Boston: Jinsi Jezi Zilizostaafishwa Zinavyoamua Mapokezi ya Wachezaji Wapya

Kustaafisha jezi, katika mpira wa kikapu wa Marekani, ni uamuzi wa klabu wa kuiondoa nambari fulani katika matumizi kwa heshima ya mtu mmoja, ili mchezaji yeyote atakayesajiliwa baadaye asiivae tena. Uamuzi huo haupigiwi kura na mashabiki, wala hauongozwi na vigezo vilivyowekwa na ligi ya NBA. Uko mikononi mwa wamiliki na uongozi wa kila klabu, na ndiyo maana Miami Heat iliweza mwaka 2003 kuifunga nambari 23 kwa heshima ya Michael Jordan, ambaye hakuichezea klabu hiyo hata mchezo mmoja. Hata hivyo mashabiki hawajawahi kukaa kimya juu ya jambo hili, na sauti yao husikika zaidi siku ya usajili mpya, kwa sababu mgeni anapotangazwa huulizwa papo hapo atavaa nambari ipi, na swali hilo huwafufua wote waliowahi kuivaa kabla yake.

Hakuna klabu ambayo swali hilo ni zito kama Boston Celtics. Tangu mwaka 1963, zilipofungwa nambari 14 ya Bob Cousy na 22 ya Ed Macauley, hadi Machi 2022, ilipofungwa 5 ya Kevin Garnett, klabu hiyo imeziondoa nambari 23 katika matumizi, zikiwemo mbili za watu ambao hawakuichezea kabisa: 1 ya mwanzilishi Walter Brown na 2 ya kocha Red Auerbach. Anayetazama juu katika ukumbi wa TD Garden huziona zikiwa zimepangwa katika visanduku juu ya bendera nyeupe, zikiwa zimeandikwa kwa rangi ya kijani, na miongoni mwake kipo kisanduku kimoja kisicho na nambari bali neno LOSCY, ambalo uchambuzi huu utalirudia kwa sababu ndani yake mna jawabu ambalo wengi wameacha kulizingatia.

Mwaka 2023 ulionyesha vizuri namna mfumo huu unavyofanya kazi. Mwezi Juni, katika mabadilishano yaliyohusisha klabu tatu, Boston ilimpata Kristaps Porzingis kutoka Washington na kumpeleka Memphis Marcus Smart, aliyekuwa akivaa 36. Kisha Oktoba ikampata Jrue Holiday kutoka Portland. Porzingis alikuwa amevaa 6 New York, Dallas na Washington, lakini Boston 6 ni ya Bill Russell, kwa hiyo akachukua 8. Holiday alikuwa akivaa 21 Milwaukee, lakini Boston 21 ni ya Bill Sharman, naye akachukua 4. Hivyo wageni wawili ambao msimu huohuo wangeisaidia klabu kutwaa ubingwa wake wa 18 walivuliwa nambari zao kabla ya kuugusa mpira, huku mashabiki wakijadili mambo mawili kwa mpigo: kama Holiday alistahili kuvaa 4, iliyokuwa ya Isaiah Thomas, na kama 36 ya Smart isivaliwe tena na mtu yeyote.

Hoja inayotolewa haraka katika mijadala ya aina hii ni kwamba nambari zitaisha. Hesabu haiiungi mkono. Kanuni za NBA zinaruhusu 0, 00 na 1 hadi 99, yaani nambari 101. Zikitolewa 23 zinabaki 78, wakati kikosi kina wachezaji 15 wa mikataba ya kawaida na wasiozidi watatu wa mkataba wa pande mbili, ule unaomruhusu mchezaji kuhudumia klabu kuu na pia klabu yake ya ligi ya maendeleo. Kwa kasi ya nambari 23 katika takribani miaka 60, Boston haitakosa nambari katika uhai wa yeyote anayebishana leo.

Uhaba upo, lakini mahali pengine. Kwa miongo mingi wanafunzi wanaocheza vyuo vikuu vya Marekani, ambako wachezaji wengi wa NBA hutoka, waliruhusiwa kuvaa nambari zenye tarakimu 0 hadi 5 peke yake, kwa sababu mwamuzi hutangaza aliyecheza madhambi kwa kuonyesha vidole, na mkono mmoja hauna vidole zaidi ya vitano. Shirikisho la kimataifa, FIBA, nalo lilikuwa na kizuizi chake cha nambari 4 hadi 15, kizuizi ambacho wachezaji wa zamani wa Dar es Salaam, Nairobi na Bujumbura wanakikumbuka, kwani ligi zao hufuata kanuni za FIBA. Nambari zilizowezekana chuoni zilikuwa 37 tu, kuanzia 0 na 00 hadi 55. Boston imezifunga 18 kati ya hizo, karibu nusu, na tano nyingine ilizozifunga, yaani 6, 16, 17, 18 na 19, ziko nje ya kundi hilo. Kijana aliyezoea nambari moja tangu shuleni, ambaye familia yake inamtambua kwayo, alikuwa na nafasi karibu sawa ya kuikuta iko wazi au imefungwa. Kizuizi cha vyuo kiliondolewa kuanzia msimu wa 2023/24, na baada ya miaka kadhaa hali hii huenda ikalegea, lakini kizazi kilichopo sasa bado kimeumbwa nacho.

Matokeo yake ni jambo ambalo halijapewa uzito unaostahili: nambari zilizofungwa huzaa nambari nyingine za kufungwa. Garnett alipotoka Minnesota mwaka 2007 alikuwa mtu wa 21, akaikuta ya Sharman, akachukua 5. Mwaka uliofuata akashinda ubingwa, na miaka 14 baadaye 5 hiyohiyo, ambayo aliichukua kwa kukosa ile aliyoizoea, ikapandishwa juu. Shaquille O'Neal alipofika mwaka 2010 alikuwa ameshavaa 32, 33 na 34 katika klabu tofauti, lakini 32 ilikuwa ya Kevin McHale, 33 ya Larry Bird, na 34 ilikuwa mgongoni mwa Paul Pierce aliyekuwa bado anacheza. Zikiongezwa 31 ya Cedric Maxwell na 35 ya Reggie Lewis, nahodha aliyefariki mwaka 1993 akiwa na umri wa miaka 27, safu yote ya 31 hadi 35 ilikuwa haipatikani, na nambari ya kwanza iliyo wazi baada yake ni 36. O'Neal akaivaa. Mwaka 2014 akafika Smart, aliyekuwa amevaa 33 chuoni, naye akaichukua 36 hiyohiyo. Kwa hiyo jezi inayoombewa heshima leo ilipata umaarufu wake kwa kuwa jirani wa nambari tano zisizoshikika.

Je, inastahili kufungwa? Mashabiki hupima kwa mizani tatu ambazo hazijaandikwa popote: mataji, miaka ya utumishi, na namna mchezaji alivyoondoka. Smart alidumu misimu tisa, akawa mchezaji bora wa ulinzi wa ligi mwaka 2022, gadi wa kwanza kupewa tuzo hiyo tangu Gary Payton mwaka 1996, gadi akiwa ni mchezaji anayeuleta mpira mbele na kulinda mbali na kikapu, nafasi ambayo kwa kawaida hainufaiki na tuzo za ulinzi. Alifika fainali mwaka huohuo, Boston ikafungwa na Golden State. Kombe hakupata, na lilikuja mwaka mmoja baada ya yeye kupelekwa Memphis. Wanaompinga husimama hapo, na ni kweli kwamba katika klabu yenye mataji 18 mchezaji asiye na taji huanza akiwa nyuma. Lakini hoja hiyo haitoshi, kwa sababu Lewis hakushinda ubingwa na 35 yake iko juu. Nje ya Boston, Dikembe Mutombo, mwana wa Kongo aliyevaa 55 katika klabu zake zote, hakuwahi kutwaa ubingwa, na bado Atlanta mwaka 2015 na Denver mwaka 2016 ziliifunga nambari yake, kwa kuwa alizipa klabu hizo sura ambayo kombe pekee lisingezipa.

Mizani ya kuondoka ndiyo kali kuliko zote, nayo haina haki sana. Macauley alipelekwa St. Louis katika mabadilishano mwaka 1956 ili Boston ipate haki ya kumsajili Russell, na heshima yake haikupungua. Maxwell, mchezaji bora wa fainali za 1981, alibadilishwa na Bill Walton mwaka 1985 katika hali ya kutoelewana na uongozi, akasubiri hadi 2003. Ray Allen, mmoja wa watatu wakuu wa ubingwa wa 2008, aliondoka kwa hiari mwaka 2012 akiwa mchezaji huru na kwenda Miami, klabu iliyokuwa imetoka kuitoa Boston katika mchujo wa mwaka huohuo. Miaka mitano baadaye Gordon Hayward alisajiliwa kutoka Utah na kupewa 20, nambari ya Allen, ambayo Hayward mwenyewe alikuwa ameivaa tangu chuoni. Mashabiki waliotaka kujua klabu inamchukuliaje Allen walijibiwa siku hiyo bila tamko lolote, na hapa usajili mpya unaonekana kuwa ndicho chombo halisi cha uamuzi: klabu inaweza kukaa miaka mingi bila kusema kama nambari fulani imefungwa, lakini haiwezi kumpa mtu jezi bila kusema.

Thomas naye alijibiwa kwa namna hiyo. Msimu wa 2016/17 alifunga wastani wa pointi 28.9, na Mei 2017, wiki chache baada ya kufiwa na dada yake, alifunga pointi 53 dhidi ya Washington siku ambayo ingekuwa ya kuzaliwa kwa dada huyo. Mapenzi ya mashabiki kwake ni ya kweli na hayahitaji kutetewa, lakini alikaa Boston chini ya misimu mitatu kamili, na kumpa Holiday nambari 4 halikuwa kosa.

Ipo tahadhari moja kwa wanaodhani kwamba heshima hii huanzia kwa umati. Russell, bingwa mara 11 katika misimu 13, mtu ambaye nyumba yake karibu na Boston ilivunjwa na kuchafuliwa na wabaguzi, alikubali mwaka 1972 nambari 6 ipandishwe kwa sharti kwamba mashabiki wasiwepo. Shughuli ikafanyika Boston Garden kabla ya milango kufunguliwa, mbele ya wachezaji wenzake. Ni mwaka 1999 tu ndipo alipokubali sherehe ya hadhara. Alipofariki Julai 2022, ligi iliifunga 6 katika klabu zote, jambo ambalo haikuwahi kumfanyia mchezaji mwingine, huku ikiwaruhusu waliokuwa wakiivaa tayari waendelee nayo. LeBron James alikuwa miongoni mwao, naye msimu wa 2023/24 akarudi kwenye 23 kwa hiari.

Inabaki LOSCY. Jim Loscutoff, aliyevaa 18 na kushinda ubingwa mara saba kati ya 1957 na 1964, hakuwa mfungaji mkubwa. Kazi yake ilikuwa kupambana chini ya kikapu ili wenzake wacheze kwa uhuru. Klabu ilipotaka kumuenzi aliomba nambari yake isifungwe, ili mwingine aivae, na badala yake likapandishwa jina lake la utani. Bailey Howell akaivaa 18 na kushinda ubingwa wa 1968 na 1969. Dave Cowens akaivaa tangu 1970, akawa mchezaji bora wa ligi mwaka 1973 na bingwa mwaka 1974 na 1976, na hatimaye 18 ikafungwa kwa jina lake. Mataji manne yaliongezeka katika jezi ambayo, kwa desturi ya kawaida, ingekuwa imefungiwa juu, na hakuna aliyemsahau Loscutoff kwa sababu hiyo.

Wanaodai kwamba jina bila nambari ni heshima nusu hawajaitazama historia hiyo kwa makini, kwa sababu kisanduku chenye herufi ndicho kinachomfanya mgeni aulize huyu alikuwa nani, wakati nambari 19 au 16 hupitwa na macho ya wengi. Njia hii inamfaa hasa mchezaji wa aina ya Smart, ambaye thamani yake ilikuwa katika kujirusha sakafuni kuufuata mpira na kumkaba mtu mrefu kuliko yeye, kazi ileile ya Loscutoff katika zama nyingine. Boston inapaswa kupandisha jina la Marcus Smart kandokando ya LOSCY, na kijana atakayekuja na kuikuta 33 imefungwa apewe 36.