Ini la Sungura, Moyo wa Kima

Wengi wetu tuliingia Korea kupitia drama na muziki. Mtoto wa miaka minne hapiti mlango huo, kwa hivyo tunamtafutia vitabu vya picha: ngano za Kikorea zilizosimuliwa upya, nyingi kwa Kiingereza. Je, vitabu hivyo vinampa hadithi yenyewe, ama vinampa tu nguo na mapaa ya kupendeza? Mimi huvipima kwa ngano moja, ile ya sungura na kasa.

Mfalme Joka wa baharini anaugua. Dawa ni moja tu: ini la sungura. Kasa, mtumishi wake mwaminifu, anatumwa nchi kavu akiwa na picha ya sungura, maana hajawahi kumwona. Anampata, anamsifu, anamwahidi raha za ikulu, anambeba mgongoni. Ni mbele ya mfalme ndipo sungura anaelewa ameitiwa nini. Habaibaiki. Ai, mngeniambia mapema! Sisi sungura huacha maini yetu nyumbani. Basi kasa anamrudisha ufuoni, na sungura anatimua mbio akicheka.

Kama ulikua na hadithi za Kiswahili, hapo umeshashtuka. Si huyu ni kima na papa? Ndiye. Mwaka 1870 Edward Steere alichapisha hadithi alizozikusanya Unguja, na ndani ya kisa cha punda wa dobi mna papa anayembeba kima kumpeleka kwao, ambako sultani ni mgonjwa na dawa ni moyo wa kima. Kima anadai ameuacha mtini. Korea nayo imeiandika ngano yake katika Samguk Sagi, kitabu cha historia kilichokamilika mwaka 1145: mjumbe aliyezuiliwa katika nchi ya adui anasimuliwa habari za sungura na kasa, naye anapata akili ya kujinasua. Chimbuko la hadithi zote mbili ni India, kwenye visa vya kale vya nyani na mamba. Kumbe mtoto wa Nairobi akisomewa ngano hii anakutana na jamaa yake wa mbali.

Lakini jamaa hawa hawafanani tabia. Papa alikuwa rafiki wa kima, akila kila siku matunda aliyorushiwa kutoka juu ya mkuyu. Kosa lake ni usaliti, na mtoto analiona papo hapo. Kasa hana urafiki wowote na sungura. Ana bosi. Anadanganya kwa sababu ni mtiifu, na katika Korea ya wafalme utiifu ulihesabiwa kuwa wema mkubwa. Sasa huyu tumwite mbaya?

Hapo ndipo vitabu vya watoto huteleza. Kuna vinavyomfanya kasa mjinga wa kuchekwa, basi. Kuna vinavyomtuza: mungu anamtokea, anampa dawa nyingine, mfalme anapona na kila mtu anafurahi. Mwisho huo upo hata Korea kwenyewe, siwalaumu wachapishaji kwa kuuzua. Ila ukikimbizwa kwenye ukurasa wa mwisho unazima swali ambalo mtoto alikuwa karibu kuliuliza: mkubwa akiugua, kwa nini mdogo ndiye atoe ini?

Sugungga haikimbii swali hilo. Ni mojawapo ya simulizi tano za pansori zilizobaki, sanaa ya mwimbaji mmoja na mpiga ngoma mmoja, hadhira ikipaza sauti kuwatia moyo, kama vile sisi tunavyomjibu msimulizi. Humo mfalme anaugua baada ya karamu, na ikulu nzima inachekwa, huku kasa akihurumiwa. Wale mnaojua bendi ya Leenalchi, ule wimbo wao wa simbamarara anayeshuka mlimani, uliovuma kwenye video za utalii wa Korea mwaka 2020, umetoka humo. Kasa amevuka bahari, taya limekakamaa. Anataka kuita "To Saengwon", yaani Bwana Sungura, linamtoka "Ho Saengwon", Bwana Simbamarara. Na simbamarara anakuja mbio, amefurahi kuitwa kwa heshima!

Mzaha huo hautafsiriki, lazima utungwe upya. Kiswahili kina bahati: sungura na simbamarara wote wanaanza na herufi moja. Mwache kasa akwame kwenye "Bwana S... s... s..." na mtoto atamalizia mwenyewe kwa kelele. Ndiyo maana napenda kitabu cha The Rabbit's Escape cha Suzanne Crowder Han, kilichochorwa na Yumi Heo na kutoka mwaka 1995. Kina Kikorea na Kiingereza pamoja, kwa hivyo unaposoma unakumbushwa kwamba hadithi hii ina lugha yake, na wewe uko huru kuisimulia kwa yako.

Ombi moja tu kwa wasimulizi: ini lisifichwe. Najua kuna watu wazima wanaoona ni damu nyingi kwa mtoto. Lakini ukiliondoa, uongo wa sungura hauna uzito tena, na kutoroka kwake kunakuwa mchezo wa kawaida tu. Isitoshe, mtoto wa huku anayajua maini, ameyala na ugali. Hofu yenyewe inadumu kurasa chache, na bila hiyo hana cha kucheka sungura akishafika nchi kavu.

Kwa hivyo leo msomee ya kasa. Kesho usiku msimulie ya kima. Kisha muulize ni nani angemsamehe, papa au kasa, na umwache abishane nawe mpaka usingizi umchukue.