Manyani Mbele ya Mfalme

Katika Adili na Nduguze uchawi unaingia kwa mlango wa ofisi. Kabla hatujaona jini wala mtu aliyegeuzwa mnyama, tunakuta kodi iliyochelewa. Janibu haijapeleka fedha kwa Rai, Mfalme wa Ughaibu, na mjumbe anatumwa kwa liwali Adili kuuliza kulikoni. Mjumbe analala kwa mwenyeji wake, na usiku anamwona liwali yule mpole akiwachapa viboko manyani wawili. Habari inafika kwa mfalme, Adili anaitwa na manyani wake, na kisa chote tunakisikia akiwa amesimama barazani kujieleza.

Shina la kisa ni Alfu Lela U Lela. Kule mfalme ni Harun al-Rashid, kodi ni ya Basra, na wanaochapwa ni mbwa. Shaaban Robert, aliyekuwa karani wa forodha tangu 1926 hadi 1944, aliihifadhi ile kodi na kuwaondoa mbwa. Kitabu kilipotoka mwaka 1952 mbwa walikuwa wamekuwa manyani, na kwangu badiliko hilo lina uzito kuliko yote. Ukikisoma huku Mtwara, tuseme Kitaya au Mahurunga, ambako mashamba yanateremka hadi bonde la Ruvuma, nyani si mgeni. Ni mwizi wa mahindi, na msimu wa korosho ukifika yumo mikoroshoni akila mabibo. Mtu akimchapa nyani, hakuna jirani atakayeuliza. Kwa hiyo msomaji wa hapa anafika kwenye ule usiku wa viboko moyo wake umekwisha kuegemea upande wa mwenye kiboko, kisha anaambiwa kuwa wale ni Hasidi na Mwivu, ndugu wa Adili, watoto wa baba yake. Hukumu aliyokwisha kuitoa kimoyomoyo inamrudia mwenyewe. Mbwa wasingeweza kutufanyia hivyo.

Nalikazia hili kwa sababu wengi wanakihukumu kitabu kwa majina yake. Wanasema mtu akiitwa Hasidi hakuna cha kusubiri, tumeshajua atafanya nini. Ni kweli tumeshajua. Lakini mwandishi hakutaka tukae tukibahatisha mwovu ni nani. Ametupa adhabu kwanza na kosa baadaye, na kati ya hayo mawili ameweka masimulizi marefu ya safari za baharini na ule Mji wa Mawe ambao watu wake wamegandishwa walipo. Muda wote huo swali linalotuweka macho ni kama kuna kosa lolote linaloweza kulingana na viboko vya kila usiku. Anayechapa naye hachapi kwa kupenda. Ni amri ya jini Huria, na Adili anaitekeleza kwa uchungu. Mtenda wema amefungwa kwenye adhabu kama waliotenda uovu. Hapo majina hayakusaidii kitu, maana hata jina la Adili linaanza kukukwaruza kila mkono wake unapoinuka.

Kinachonitatiza ni baraza lenyewe. Mwaka mmoja kabla, 1951, Shaaban Robert alikuwa ametoa Kusadikika, kisa cha nchi inayoelea angani, na kule pia hadithi zinasimuliwa mbele ya mfalme. Karama ameshtakiwa na waziri Majivuno, na anajitetea kwa visa vya wajumbe sita waliotumwa pande zote, hadi mbinguni na ardhini, wakarudi na kheri wakalipwa mateso. Kila kisa anachokisimulia kinamwongezea pumzi. Akikosea neno, amekwisha. Fitina za ikulu zimo ndani ya umbo la maneno yake, na ndiyo sababu hotuba zake ndefu, zinazowachosha wengine, mimi huzisoma nimekaza mgongo.

Adili hana Majivuno wa kumpinga. Mfalme Rai ni mwema tangu ukurasa wa kwanza, anasikiliza kwa hamu, na anayoambiwa anayaamini. Kesi haina upande wa pili. Hasidi na Mwivu wapo, lakini hatupewi simulizi yao hata moja. Tunaambiwa wivu uliwafanya wamtupe ndugu yao baharini, ila wivu huo hatuuoni ukikua ndani ya mtu. Nadhani hili ndilo pungufu kubwa la kitabu, kwa kuwa mwandishi alikwisha kuupata mwili wa kuusemesha. Wamakonde wanalijua jambo hili. Katika ngoma ya mapiko, mchezaji amefunikwa kinyago kichwani na nguo mwili mzima, hasemi, na bado kwa bega na kisigino unatambua kiburi, uzee, uchu, woga. Shaaban Robert amewavika watu wawili ngozi ya nyani halafu hakuwapa mchezo. Laiti barazani angetuachia hata ukurasa mmoja wa kuwatazama tu, namna wanavyokaa mbele ya mfalme, namna mmoja anavyomwangalia mwenzake pale ndugu yao anapofika kwenye habari ya kutupwa baharini.

Hata hivyo, kati ya vitabu hivi viwili, hiki ndicho ninachompa kijana anayeanza kumsoma Shaaban Robert. Kusadikika imejengwa kwa hoja, na hoja zake zinahitaji msomaji aliyekwisha kuonja serikali. Adili na Nduguze inamshika mtu kwa sauti ya kiboko anayoisikia kabla hajajua ni ya nani, na msomaji aliyekwisha kufukuza nyani shambani atasikia zaidi ya wengine.