Neno 'nguvu' limebebeshwa mizigo mitatu

KATIKA duka moja la vifaa vya umeme mjini Keroka, pale Kisii na Nyamira zinapokutana, nilimsikia mteja akilalamika kuwa stima ya kwao "haina nguvu" jioni. Birika linachukua muda mrefu kuchemsha, na tokeni haziishi kuisha. Fundi hakuligusa neno nguvu. Aliuliza tu: "Mama, hiyo birika ni ya wati ngapi? Na volti huko kwenu zinafika ngapi usiku?"

Maswali hayo yalikuwa na usahihi ambao huukosa katika magazeti na taarifa za redio. Sisi tunaojiita wenye lugha husema "nyaya zenye nguvu nyingi" tukikusudia volteji ya juu, "kifaa chenye nguvu" tukikusudia wati nyingi, na aliyerushwa na stima huwa amepigwa na "umeme wenye nguvu", ilhali kinachoudhuru mwili ni mkondo unaopita ndani yake. Fundi, ambaye Kiswahili chake tungekisahihisha kwa kalamu nyekundu, anazitenga dhana hizo kwa kutaja vipimo vyake: volti, ampea, wati.

Mtaniambia kwamba msikilizaji anaelewa tu. Haelewi. Tuchukue birika la yule mama na tuseme limeandikwa wati 2,400 kwa volti 240. Nguvu ni volteji mara mkondo, kwa hivyo mkondo ni ampea 10. Ukinzani ni volteji ikigawanywa kwa mkondo, nao ni omu 24. Ukinzani huo haubadiliki sana hata umeme ukidhoofu. Jioni, kijiji kizima kikiwasha vyombo na volteji ikashuka hadi 180, mkondo unakuwa ampea 7.5 na nguvu wati 1,350. Volteji imepungua kwa robo lakini nguvu imepungua kwa karibu nusu, maana mkondo nao umeshuka. Anayeviita vyote "nguvu" hawezi hata kuuliza robo ilizaaje nusu.

Kuna penye hatari zaidi. Mwaka jana niliona onyo limebandikwa ukutani katika bweni fulani: "Msitumie vifaa vya nguvu nyingi." Nguvu nyingi ni kiasi gani? Plagi zetu za pini tatu kwa kawaida huwa na fyuzi ya ampea 13, yaani takriban wati 3,120 kwa volti 240. Birika letu la ampea 10 likichomekwa kwenye kebo ya kuunganishia pamoja na pasi ya wati 1,200, ambayo huvuta ampea 5, jumla ni ampea 15. Fyuzi inaweza kustahimili hali hiyo kwa muda mrefu bila kukatika, na kebo nyembamba ikazidi kupata moto. Kebo yenye ukinzani wa nusu omu ikipitisha ampea 5 hupoteza wati 12.5 kama joto. Ikipitisha 15 hupoteza zaidi ya wati 112. Mkondo umezidi mara tatu, joto mara tisa. Kila kifaa peke yake hakina "nguvu nyingi", kwa hivyo mwanafunzi aliyelitii onyo lile neno kwa neno bado angeweza kuunguza kitanda chake.

Istilahi tunazo. TUKI ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, nasi bado tunaandika kana kwamba wino haujakauka. Ukinzani ni neno zuri, limetokana na kukinza. Mkondo ni zuri zaidi, hasa kwa mtu wa huku. Mto Gucha huanzia nyanda za Nyamira, ukapita Kisii hadi Migori, ambako kwenye maporomoko ya Gogo kulijengwa kituo kidogo cha umeme. Kimo cha maporomoko ni kitu kimoja, wingi wa maji yanayopita ni kingine, na nguvu ya kuzungusha mtambo hutokana na vyote viwili. Mwalimu wa Nyamira anayo picha hiyo karibu yake, lakini huifundisha fizikia kwa Kiingereza na kuikimbilia mifano ya vitabuni.

Wapo wanaotaka volteji ibadilishwe kuwa "msukumo", eti neno la kukopa halina mizizi. Siafikiani nao. Stima lenyewe lilitujia kutoka kwa mashine za mvuke, na wati ni jina la James Watt, Mskoti aliyeboresha injini za mvuke, hakuna anayelalamika. Isitoshe, mtoto aliyelelewa kwa Ekegusii anafika darasani na chinguru, ndugu wa damu wa nguvu, likimaanisha nguvu za ng'ombe na za mtu. Akiongezewa msukumo, ataichanganya na kani.

Rai yangu ni kwamba nguvu ibaki kwa wati peke yake, nayo volteji iitwe volteji, hata kwenye vichwa vya habari. Na lile onyo la bweni liandikwe upya: "Jumla ya wati za vifaa vyote kwenye kebo moja isipite zile zilizoandikwa juu ya kebo. Zijumlishe kabla ya kuchomeka."