Kazi ya Maji Mafu

Mwanamke anayesuka ukili hatazami mikono yake. Hutazama njia. Hutazama chungu kilichoko jikoni, mjukuu anayetambaa kuelekea kisimani, shoga yake anayesimulia yaliyotokea juzi kwenye harusi ya upande wa pili wa kijiji. Vidole vinakwenda vyenyewe: uchane mmoja unapita juu ya chane mbili, unazama chini ya mbili nyingine, unafika ukingoni, unakunjwa, unarudi. Ukikaribia kuisha, mwingine unapachikwa juu yake kabla wa kwanza haujakata, na aliyeketi pembeni hajui kiungo kimeingia saa ngapi.

Kazi hii haina karakana wala kibao mlangoni. Iko barazani, chini ya mwembe, kwenye ukumbi wa nyuma ambako wanaume hawapiti ovyo. Ndivyo ilivyo Makunduchi na Jambiani, ndivyo ilivyo katika vijiji vya Wete na Micheweni kule Pemba, ndivyo ilivyo Mafia, kisiwa ambacho mikeka yake ya rangi imesifika pwani nzima. Vikundi vingi vya wasukaji havina jina. Vikiwa na jina, ni lile lililoandikwa kwenye daftari la upatu ili mtu asije akasema zamu yake imerukwa.

Mengi kuhusu matayarisho hayana haja ya kuelezwa kwa msomaji aliyekulia kwenye nyumba yenye mkeka: kuti changa la mkindu linalokatwa kabla halijafunguka, jua la siku kadhaa linalolifanya jeupe, ukucha unaolichana kwa upana ule ule mara mia mbili mfululizo. Ila sufuria ya rangi inastahili kusimamiwa kidogo. Rangi ya unga hununuliwa dukani kwa vipakiti, hutiwa kwenye maji yanayotokota, na chane huzamishwa zikiwa zimefungwa vitita. Nyekundu hukubali upesi. Zambarau hutaka subira, na ikitolewa mapema hupauka baada ya Idi moja tu. Siku ya kutia rangi, mikono ya nyumba nzima huwa ya kijani mpaka kwenye viwiko, na watoto hufukuzwa na kurudi, hufukuzwa na kurudi. Zamani manjano ya jikoni ndiyo yaliyotoa rangi yake, na wazee husema haikuwa kali kama hii ya kipakiti lakini ilizeeka vizuri.

Kisha huja hesabu. Nakshi ya mkeka haichorwi popote. Iko katika mpangilio wa chane za mwanzo: nyeupe ngapi, nyekundu ngapi, ipi iende kulia na ipi ibaki. Msukaji hupanga mara moja tu, mwanzoni kabisa, na alichokipanga kitajionyesha urefu wote wa ukili, upende usipende. Uchane mmoja wa zambarau ukikaa mahali pa kijani, ule mshazari mzuri unaopanda na kushuka utachechemea kila unapofika pale. Anayenunua huenda asione. Wenzake barazani wataona kabla hajasuka shibiri moja, na hawatasema kitu. Watanyamaza kwa namna ambayo yeye mwenyewe atafumua. Ukali huo usiotamkwa ndio uliolinda kazi hii, kuliko semina yoyote ya wajasiriamali.

Wanawake wengi wa pwani waliovuka umri wa miaka hamsini wanakumbuka ukili wao wa kwanza. Ulikuwa mwembamba, wa chane chache, umepinda kama njia ya ng'ombe, na bibi aliupokea, akausifu, akauweka chini ya paja. Mtoto alipokwenda kucheza, bibi aliufumua wote na kuzirudisha chane majini zilainike upya. Kesho yake mtoto alikuta vifaa vinamsubiri, akaanza tena. Hakuna aliyemwambia amekosea wapi. Ilikuwa juu yake kuona kwamba mkono wa kushoto unavuta kuliko wa kulia, au kwamba chane zimekauka na zinakatika kwa sababu hakuzinyunyizia maji. Baada ya ukili unaonyooka akapewa kipepeo, kwa kuwa kipepeo ni kidogo na kikiharibika moto wa jikoni unakipokea. Baada ya kipepeo, kawa la kufunikia chakula. Mkeka ulikuja baadaye, pengine miaka, na siku mkeka wake ulipotandikwa mbele ya wageni bila mama kuomba radhi kwa niaba yake, hapo alijua kwamba ameshafika.

Elimu ya namna hiyo haina cheti, na inataka kitu ambacho nyumba za leo hazina: mtu mzima aliyeketi mahali pamoja mchana kutwa.

Baada ya sala ya alasiri ndio wakati wenyewe wa kusuka. Kila mmoja hufika na kitita chake kimeviringwa ndani ya kanga iliyoloa, na ukili aliokwisha kuusuka umekunjwa bunda chini ya kwapa. Urefu hupimwa kwa pima, mikono miwili iliyonyooshwa, kwa hiyo mwanamke mrefu humdai mwenzake mfupi kwa utani usiokwisha. Mkeka mkubwa mara nyingi hutoka kwa mikono zaidi ya mmoja. Dada anasaidia, wifi anasaidia, jirani analipa deni la kusaidiwa mwaka jana. Anayeshona pande hizo ziwe mkeka ndiye mwenye kazi ngumu, maana mikono haifanani. Kuna mkono mkavu unaobana mpaka ukili unalia ukikunjwa, na kuna mkono mlegevu unaoacha nafasi. Ukiushona ukili mkavu ubavuni mwa mlegevu, mkeka utavimba katikati na hautalala chini hata ukiukalia wiki nzima. Mshonaji mzuri hupitisha vidole juu ya kila bunda, hajali nani kausuka, na hupanga wabanaji na wabanaji, walegevu na walegevu, kisha huwaweka wale wa katikati mpakani.

Matumizi ya ukili yako kila pahali. Kifumbu cha kukamulia tui, kitanga cha kuandalia futari, msala wa kusalia, kikapu cha sokoni, jamvi la kukalishia waombolezaji, mkeka mpya wa bibi harusi ambao haujawahi kukaliwa na mtu.

Na bahari nayo ilihusika. Waliosafiri na Vasco da Gama waliona mwaka 1498, walipofika kisiwa cha Msumbiji, vyombo vilivyoshonwa kwa kamba bila misumari, na matanga yake yalikuwa ya majani ya mitende yaliyosukwa. Mtepe wa visiwa vya Lamu uliendelea hivyo hivyo kwa karne nyingi: ubao umeshonwa kwa kamba za makumbi, na juu ya mlingoti tanga la pembe nne, mkeka mtupu, likibeba boriti na nafaka kutoka bandari moja hadi nyingine. Mtepe ulitoweka katika karne ya 20. Mwaka 2003 ulijengwa mmoja wa mfano ukawekwa ndani ya Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883 mbele ya forodha ya Unguja. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu kubwa ya jumba hilo ikaporomoka. Vitabu vya historia ya pwani vina sura nzima juu ya mafundi wa vyombo na manahodha. Waliosuka lile tanga hawana hata ukurasa.

Wala si ajabu, kwa kuwa kazi hii imefichwa tangu mwanzo ndani ya kazi nyingine. Mwanamke akiulizwa amefanya nini leo, atasema amepika, amefua, amekwenda kuni, amemwangalia mgonjwa. Pima tatu za ukili alizosuka katikati ya hayo yote hazitaji. Ni za kupitishia wakati. Lugha hiyo ya unyenyekevu imewagharimu sana. Mteja husimama mlangoni, hutajiwa bei ya mkeka uliochukua wiki na wiki, hushtuka, huuliza kama hakuna ya chini, kisha hukumbusha kwamba majani yanaota bure. Mwenye mkeka hupunguza, kwa sababu ada ya shule haisubiri na kwa sababu yeye mwenyewe hajawahi kuhesabu saa zake. Mteja huyo huyo ataketi mwezi ujao kwenye kongamano la utamaduni na kusikitika kwamba sanaa za mama zetu zinakufa.

Tofauti na kofia ni ya kutazamwa. Kofia ya viua nayo hushonwa barazani, na wanawake wale wale, tundu moja baada ya jingine, na iliyo nzuri huchukua miezi. Ila kofia hukaa kichwani mwa mwanamume, huonekana msikitini, na Waomani, ambao huiita kumma na wameifanya sehemu ya vazi la taifa lao, huitafuta na kuilipia. Mwenye kofia nzuri husema ni ya nani na imetoka wapi. Mkeka hukaliwa.

Kisha ukaja mwani. Mwaka 1989 kilimo cha mwani cha biashara kilianza Paje na Jambiani, na katika miaka michache pwani ya mashariki ya Unguja ilijaa vigingi na kamba. Waliokishika kilimo hicho zaidi ni wanawake, na itakuwa dhuluma kuwalaumu: kwa mara ya kwanza mwanamke wa kijiji alikuwa na fedha yake mkononi, akanunua bati, akasomesha. Lakini mwani hulimwa maji yanapotoka mbali. Bamvua likifika, kijiji kizima kiko baharini mpaka kiunoni, na anayerudi jioni na mikono iliyovimba kwa chumvi hana hamu ya kugusa uchane mkavu. Ukili ukasogea kwenye maji mafu, zile siku ambazo bahari haitoki vya kutosha na watu wanabaki nyumbani. Kutoka kazi ya kila alasiri ukawa kazi ya siku chache kila nusu ya mwezi. Miaka ya baadaye maji yalipozidi joto, mwani aina ya cottonii, ulio na bei nzuri, ukawa unakufa kambani, na wengine waliachana nao. Baraza hazikurudi kujaa kama zamani. Wasichana waliokuwa wadogo mwaka 1989 walikuwa wamekua bila kufumuliwa ukili wao.

Hata wale wanaotaka kusuka wanapata taabu ya majani. Mkindu hupenda penye unyevu, na penye unyevu ndipo kila mtu anapotaka shamba. Mlala, ambao majani yake nayo husukwa, huota karibu na fukwe, na fukwe zimepimwa viwanja. Asiye na mkindu wake hununua kwa mafungu, naye muuzaji, akiona wanunuzi wengi, hukata kuti changa la mwisho ambalo bibi zake wangeliacha ili mti upumue. Mti haufi siku hiyo. Unadumaa, na mwaka unaofuata fungu ni fupi zaidi kwa bei kubwa zaidi.

Madukani, mikeka ya plastiki imesimamishwa mlangoni, imeviringwa, ya rangi zote. Nakshi zake nyingi zimeigwa kutoka kwenye ukili, mishazari ile ile, zambarau na kijani, isipokuwa humo hakuna uchane unaokosea. Mkeka huo haunyonyi maji, hauliwi na wadudu, bei yake ni ya kutupa. Ukikaliwa saa ya mchana unachoma na kutoa jasho, lakini nani siku hizi anakaa chini mchana? Hata jamvi la msibani sasa hukodishwa pamoja na viti na hema, na ni la nailoni.

Hoteli ndizo zilizobaki kununua kwa bei yenye maana, na hoteli zina masharti yake. Zinataka ukili mweupe, au tuseme rangi ya majani yenyewe, bila nyekundu, bila zambarau, maana wageni wanapenda kitu kilichotulia. Vikundi vya akina mama vimejifunza kusuka kwa kipimo cha sentimita, upana sawa, vifuko vyote sawa, na wamejifunza vizuri. Fedha ni yao na wanaistahili. Ila anayepita barazani huona kitu kimepungua. Hakuna anayehesabu. Ukili usio na rangi haupangwi, husukwa tu, na ule ukimya wa wenzake uliokuwa ukimfanya mtu afumue hauna tena cha kukamata.

Serikali ya Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006. Kenya ikafuata tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Ilionekana zamu ya kikapu imerudi: kilikuwepo, kinabeba, hakichafui, na wenye kukisuka walikuwa hai. Kwa majuma machache watu walikitoa darini, wakakipangusa. Kisha maduka yakaleta mifuko mbadala, ile ya kitambaa chepesi inayopasuka mshikio baada ya safari ya tatu, ikapangwa kando ya mashine ya hesabu kwa shilingi mia chache. Vikapu vikapandishwa juu, kwenye misumari, karibu na vinyago na sabuni za karafuu. Kikapu kilichokuwa kikienda soko la Darajani kila asubuhi sasa kinakwenda uwanja wa ndege, na huko kinakofika hakitiwi samaki.