Kila Herufi Huanza Upya

Saa mbili hazikubaliani, hata zikitoka kiwanda kimoja siku moja. Charles Krum na mwanawe Howard, waliojenga teleprinta za Morkrum huko Chicago katika miaka ya 1910, hawakuhangaika kuzipatanisha. Waliziacha zipishane, ila wakazinyima muda wa kupishana sana. Mhimili wa mashine inayopokea ulikaa umezuiwa. Ikifika ishara ya kuanza, unaachiwa, unazunguka mara moja, ishara tano za herufi zinasomwa, kisha unakamatwa tena. Kosa la herufi hii halirithiwi na inayofuata.

Itazame herufi A leo ikipita kwenye waya kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde. Waya umetulia kwenye moja. Unashuka hadi sifuri: hiyo ni biti ya kuanza. Zinafuata nane, yenye thamani ndogo ikitangulia: 1, 0, 0, 0, 0, 0, 1, 0. Kisha waya unarudi kwenye moja, biti ya kufunga. Kila biti hudumu mikrosekunde 104 tu, lakini chipu ya ATmega328, ile ya Arduino Uno, huikata vipande 16. Haiamini kingo, maana huko ndiko kwenye vurugu. Husubiri katikati, ikachungulia kipande cha 8, cha 9 na cha 10, halafu wengi wape. Sijui ufundi mwingine uliotia busara nyingi hivi mahali padogo hivi.

Toka ukingo wa kwanza hadi katikati ya biti ya kufunga ni biti tisa na nusu. Ukipotoka nusu biti njiani, umepotea. Kwa hiyo saa mbili, ya anayetuma na ya anayepokea, zina ruhusa ya kupishana kama asilimia 5, na mwenye busara haimalizi yote. Ndiyo maana mafundi wa chipu ya 8051 walipenda fuwele ya megahezi 11.0592, namba yenye sura ya kubahatisha: inagawanyika hadi 9600 bila salio. Weka ya 12, namba nzima ya kupendeza, na 8051 ya awali inakosa kasi kwa karibu asilimia 7. Kwenye skrini zitajaa takataka tupu.

Na kwa nini waya mtulivu uwe moja, si sifuri? Ni urithi wa telegrafu, ambako mkondo ulipita hata kusiposemwa neno. Teleprinta iliyokatikiwa waya haikunyamaza. Iliona mwanzo usiokwisha, ikatatarika bure, mhimili ukizunguka na kuzunguka, mpaka mtu aje.